Mfumuko wa bei umeshuka, mbona bei hazijashuka?

Karibu kila nchi ina ofisi ya takwimu inayotoa taarifa ya bei kila mwezi, na kinachobebwa na vyombo vya habari huwa ni sentensi moja tu: mfumuko wa bei umepanda, au umeshuka, kwa kiasi fulani. Siku ikitangazwa kwamba umeshuka, mtu aliyetoka kununua mahitaji dakika chache zilizopita hucheka kicheko kisicho na furaha. Mafuta ya kula aliyobeba ni machache kuliko ya mwezi jana, sabuni imepanda tena, na pesa ya wiki imekata Alhamisi. Anafunga mjadala kwa neno moja: uongo.

Takwimu mbovu zipo, hilo lisifichwe. Lakini mara nyingi mwenye taarifa na mwenye kikapu wanasema kweli wote wawili, ila kila mmoja anajibu swali lake. Wa kwanza ameulizwa bei zinapanda kwa kasi gani. Wa pili anajiuliza pesa aliyonayo inanunua nini. Niliwahi kubana matumizi kwa miezi mingi na nisione nafuu yoyote, na nilipokuja kupiga hesabu niligundua nilikuwa ninabana mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kubana. Tangu hapo ninaamini ushauri wa "punguza hiki, acha kile" huja mapema mno. Kwanza mtu ajue bei zinamuumiza wapi yeye mwenyewe.

Kilichoshuka ni kasi

Chukua kikapu cha vitu vya nyumbani kinachogharimu 100, ziwe fedha zozote. Mwaka huu bei zikipanda kwa asilimia 10, kikapu kitagharimu 110. Mwakani ofisi ya takwimu inatangaza kwa fahari kwamba mfumuko umeshuka hadi asilimia 3. Kikapu kitagharimu 113.3. Tangazo ni sahihi kabisa, na kikapu kimekuwa ghali zaidi. Ni kama maji yaliyokuwa yakijaa ndani ya nyumba kwa kasi na sasa yanajaa polepole: aliyesimama ndani haoni cha kushangilia.

Ili kikapu kirudi 100, bei kwa ujumla zingelazimika kuporomoka, na hilo hata benki kuu hazilitaki. Marekani, Uingereza na nchi zinazotumia euro zimejiwekea lengo la asilimia 2 kwa mwaka, yaani zinakusudia bei zipande, ila kidogo na kwa utulivu. Hofu yao ni kwamba bei zikianza kushuka kila mahali, watu wataahirisha kununua, biashara zitapunguza wafanyakazi, na aliyekopa atalipa deni lilelile kwa kipato kidogo zaidi. Bidhaa moja moja hushuka, mazao baada ya mavuno kwa mfano, au mafuta ya magari soko la dunia likilegea. Lakini kikapu kizima kurudi bei ya miaka mitatu iliyopita ni jambo la nadra mno. Anayesema "ngoja bei zitulie, nitajipanga" anasubiri kitu ambacho hakuna mtu aliyemwahidi.

Kinachoweza kukifikia kikapu ni kipato. Katika mfano wetu, kama mshahara umeongezwa kwa asilimia 5 katika miaka hiyo miwili, umetoka 100 hadi 105 huku kikapu kikifika 113.3. Gawanya 105 kwa 113.3 utaona: mshahara umekatwa kwa zaidi ya asilimia 7, bila barua na bila kikao.

Kuna hesabu nyingine ya haraka inayofaa kukaa kichwani. Gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko, jibu ni takriban idadi ya miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 2 ni miaka 36. Kwa asilimia 10 ni kama miaka 7 tu, muda ambao mtoto aliyezaliwa leo atakuwa bado anang'oka meno ya utoto.

Kikapu cha nani?

Hapa ndipo malumbano mengi huzaliwa. Namba ya taifa hupatikana kwa kuchagua bidhaa na huduma nyingi, chakula, kodi ya nyumba, usafiri, mavazi, simu na kadhalika, kisha kila kundi linapewa uzito kulingana na watu wanavyotumia pesa. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na mchumi Mjerumani Étienne Laspeyres mwaka 1871: shika kikapu kilekile, kipige bei mpya, linganisha na bei za zamani. Ni njia nzuri. Tatizo ni kwamba kikapu hicho ni cha familia ya wastani, na familia hiyo haipo. Hakuna nyumba inayoishi kwa wastani.

Miaka 14 kabla ya Laspeyres, mwaka 1857, mtakwimu Mjerumani mwingine, Ernst Engel, alichunguza matumizi ya familia na kuona jambo ambalo limethibitishwa mara nyingi tangu wakati huo: kadiri familia inavyokuwa na kipato kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pesa yake inavyoishia kwenye chakula. Mwenye nacho anaweza kula vizuri zaidi, lakini hawezi kula mara kumi zaidi.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 20 na vitu vingine vyote kwa asilimia 4. Nyumba inayotumia asilimia 15 ya pesa yake kwa chakula imepata mfumuko wa asilimia 6.4. Nyumba ya pili, ambayo nusu ya pesa yake ni chakula, imepata asilimia 12. Bei ni zilezile, nchi ni ileile, na mfumuko unakaribia kuwa mara mbili. Namba ya taifa itaangukia katikati, tena kwa kawaida itaegemea upande wa wenye uwezo, kwa sababu uzito hupimwa kwa pesa zilizotumika. Katika kura hiyo kila sarafu ina kura moja. Mwenye sarafu nyingi anapiga kura nyingi.

Kuna jeraha lingine ambalo wastani haulionyeshi. Bei zikipanda, watu wengi hushuka daraja: kutoka chapa ghali kwenda ya kati, kutoka ya kati kwenda ya bei nafuu. Ambaye tayari alikuwa chini kabisa hana pa kushukia. Na huko chini kunapata msongamano. Wachumi Alberto Cavallo na Oleksiy Kryvtsov walifuatilia bei za vyakula katika maduka makubwa ya nchi 10 kabla na baada ya janga la korona, wakakuta kwamba chapa za bei nafuu zilipanda kwa kasi kuliko chapa ghali za bidhaa ileile. Aliyekuwa akinunua cha chini ndiye aliyepandishiwa zaidi. Kwa hiyo mtu wa kipato kidogo anaposema "mimi nimepandishiwa kuliko hiyo namba yenu", kumwambia anahisi tu ni kumkosea heshima. Huenda anapima vizuri kuliko wanaomsahihisha.

Pakiti iliyokonda

Nina pakiti tupu ya sabuni ya unga niliyoigeuza mfuko wa vibanio vya nguo. Imeninginia kwenye kamba miaka kadhaa na rangi yake imefifia kwa jua. Siku moja niliitazama pakiti mpya ya sabuni hiyohiyo iliyokuwa sakafuni, nikaona kama ni fupi. Nikashusha ile ya vibanio nikazisimamisha pamoja. Upana ulikuwa uleule, picha ya povu ileile, ila mpya ilikuwa imepungua kama kimo cha kidole gumba. Kwenye ya zamani, chini kabisa, palichapishwa gramu 1,000. Kwenye mpya, 850. Nami nilikuwa nimejipongeza kwamba angalau sabuni haijapanda.

Ilikuwa imepanda. Bei ileile kwa gramu 850 ni sawa na kupandishiwa kwa zaidi ya asilimia 17. Watu huona ni asilimia 15 kwa sababu ndicho kiasi kilichopungua, lakini ukitaka kurudisha kilo yako utalipa 17 na ushei. Mtengenezaji anajua macho yetu yako wapi. Bei tunaikumbuka, gramu hatuzikumbuki. Bei ikiongezwa kidogo tunanung'unika na kuhama chapa, pakiti ikikonda kidogo tunaiweka kikapuni.

Ujanja huu hauishii kwenye uzito. Kuna bidhaa zinazobaki na gramu zote ila malighafi nzuri imepunguzwa na ya rahisi kuongezwa. Karatasi ya chooni inabaki na idadi ileile ya vipande ila ni nyembamba, kwa hiyo mkono unachukua vingi zaidi. Kwa haki ya watengenezaji, gharama zao nazo zilipanda, na kupunguza pakiti si kosa la jinai mradi uzito wa kweli uandikwe. Ninachogomea ni kimya. Ufaransa iliona hivyo pia: tangu tarehe 1 Julai 2024 maduka makubwa ya huko yanatakiwa kuweka tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo huku bei yake kwa kilo au lita ikiwa imeongezeka, na tangazo likae miezi miwili.

Kinga ya mnunuzi ni kutazama bei ya kilo moja au lita moja badala ya bei ya pakiti. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliagiza mwaka 1998 kwamba bei hiyo iandikwe rafuni. Pasipoandikwa, simu yenye kikokotoo inatosha: bei gawanya kwa gramu. Mara chache za kwanza utajiona mshamba umesimama na simu mbele ya rafu. Baada ya wiki mbili utakuwa umekariri, na utakuwa umegundua jambo linalokera: pakiti kubwa si nafuu kila mara, na maandishi mekundu ya "ofa" wakati mwingine yamebandikwa kwenye kile kilicho ghali zaidi kwa kilo.

Kwa nini zinakimbia kupanda na kusinzia kushuka

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina fahirisi, yaani namba ya kupimia mwenendo, ya bei za vyakula katika soko la dunia: nafaka, mafuta ya mimea, maziwa, nyama na sukari. Wastani wa miaka ya 2014 hadi 2016 ndio umewekwa kuwa 100. Mwezi Machi 2022, majuma machache baada ya vita kuanza Ukraine, fahirisi hiyo ilikaribia 160, kiwango cha juu kuliko chochote tangu ianze mwaka 1990. Kisha ikashuka kwa miezi mingi mfululizo. Watu wengi waliosikia habari ya kwanza waliiona rafuni ndani ya siku chache. Habari ya pili hawakuiona kabisa.

Sehemu ya sababu haina hila. Ngano ni kipande kidogo tu cha bei ya mkate. Kilichobaki ni umeme, usafiri, kodi ya jengo, mishahara, karatasi ya kufungia na faida ya kila aliyeushika njiani. Ngano ikishuka huku vingine vikipanda, mkate haushuki. Sehemu nyingine ni tabia ya soko lenyewe. Mwaka 1991 mchumi Robert Bacon, akichunguza bei za petroli Uingereza, alizifananisha na roketi zinapopanda na manyoya zinaposhuka, na mfano huo umebaki. Mwenye duka aliyenunua ghali hataki kuuza kwa hasara hadi shehena iishe, na shehena ikiisha, kama jirani yake hajashusha, yeye ana haraka gani?

Daftari

Narudi kwenye kosa langu. Katika miezi ile ya kubana nilikuwa nimepunguza vitu vidogo vya kujifurahisha, vile ambavyo kila mshauri wa pesa huvitaja kwanza. Nilijinyima kweli. Nilipoanza kuandika kila nilichonunua, kwa kalamu, katika daftari la shule lililokuwa limebaki na kurasa, nilikuta vitu hivyo vilikuwa vikichukua kama asilimia 2 ya matumizi yangu. Hata kuvikata kwa nusu kuliniokolea asilimia moja. Wakati huohuo kulikuwa na vitu vinne, vikiwemo mafuta ya kula na nishati ya kupikia, vilivyokula zaidi ya nusu ya pesa yote ya mahitaji, na sikuwa nimevigusa kwa sababu niliviona ni vya lazima. Ni vya lazima, lakini kiasi chake si cha lazima. Kitu kinachochukua asilimia 20 ya bajeti ukikipunguza kwa sehemu moja ya kumi tu, umeokoa asilimia 2. Hiyo ni mara mbili ya kile nilichopata kwa kujinyima starehe, na hakuna aliyeona tofauti mezani.

Basi daftari linafanya kazi ya ofisi ya takwimu, kwa nyumba moja. Chagua vitu 10 au 12 unavyonunua kila mwezi. Andika tarehe, kiasi kwa gramu au lita, na pesa uliyolipa. Baada ya miezi mitatu utajua mfumuko wa nyumba yako, na muhimu zaidi, utajua unatoka kwenye mstari upi. Ndipo hatua zinapokuwa na mahali pa kulenga. Mafuta yanaweza kupimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa kwa jicho. Chungu kikifunikwa na moto ukipunguzwa baada ya kuchemka, nishati inapungua bila mtu kula kidogo. Sabuni ya unga wengi tunaijaza hadi ukingo wa kikombe ilhali mstari wa kipimo uko chini. Nguo hazitakati zaidi kwa hilo.

Ushauri wa "nunua kwa jumla" nautoa kwa tahadhari. Ni kweli kipimo kidogo mara nyingi ni ghali kwa gramu, na anayenunua mafuta ya mlo mmoja mmoja hulipa zaidi kwa mwaka kuliko mwenye dumu. Lakini hanunui hivyo kwa kutojua. Analipwa kwa siku, na pesa ya siku hainunui dumu. Njia inayofanya kazi kwa watu wa namna hiyo ni wawili au watatu kuchanga, kununua mfuko mmoja na kugawana kwa mizani, mizani ikiwa mbele ya macho ya wote ili urafiki ubaki. Mwenye uwezo wa kulimbikiza alimbikize visivyoharibika tu, kama sabuni, na kwa kiasi. Hofu ya bei ikijaza stoo za watu wachache, bei hiyohiyo inapanda kwa waliobaki.

Chakula kinachotupwa nacho kiandikwe. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba majumbani pekee, duniani kote, kila mtu hutupa wastani wa kilo 79 kwa mwaka, na ikaonyesha kwamba nchi tajiri na nchi za kipato cha kati hazitofautiani sana katika hilo. Mimi nilidhani hatutupi kitu hadi nilipoanza kuweka alama ya msalaba kila kilipoharibika. Mwezi wa kwanza ilikuwa misalaba 14, mingi ikiwa mboga zilizosahauliwa nyuma ya vingine. Kuhamishia mbele vya zamani ndiyo hatua pekee niliyochukua, na misalaba ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Kinachonitisha zaidi ni mkopo wa chakula wenye riba. Bei zikipanda kwa asilimia 12 kwa mwaka, ni kama asilimia moja kwa mwezi. Mkopo wa haraka wa simu au wa mtu binafsi unaweza kutoza asilimia 10 kwa mwezi huo mmoja. Anayekopa ili kukabili kupanda kwa bei anaweza kujipandishia bei mara kumi ya zile alizokuwa anazikimbia, na mwezi ujao anaanza na pungufu kubwa zaidi. Kukopa bila riba kwa ndugu au kwa muuzaji anayekuamini ni jambo tofauti, ingawa nalo liandikwe.

Na kuna mahali kalamu inapaswa kusimama. Nyumba ikibanwa sana, kwa kawaida haianzi kupunguza kinachojaza tumbo. Huanza na mboga, matunda, mayai, maziwa na nyama, kwa hiyo watu wanaendelea kushiba huku wakikosa lishe, na daftari linaonyesha mafanikio. Kwa mjamzito na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili akiba ya namna hiyo ni ghali, maana kudumaa kwa umri huo ni vigumu kurekebishwa baadaye. Vitu vyao nilivishauri nyumbani viandikwe kwa wino mwingine na visiguswe mpaka vingine vyote vimeguswa.

Ukifika hapo, ubahili hauna tena cha kutoa, na kilichobaki ni upande wa pili wa hesabu. Nilipoenda kuomba nyongeza ya mshahara sikusema maisha yamepanda. Kila mtu husema hivyo. Nilibeba daftari, nikaonyesha vitu 12, bei ya kilo ya mwanzo wa mwaka na ya siku ile. Bosi alipindua kurasa kimya, akasimama kwenye mstari wa mafuta, akaniuliza ninanunua wapi, maana kwake ni ghali zaidi. Nilipata nusu ya nilichoomba. Jioni ile niliongeza safu moja upande wa kulia wa ukurasa, nikaandika juu yake "kipato", na chini yake namba ya kwanza.